Aliyetangulia Njia ya Bondeni

Kaka yangu Thabiti alikuwa mtu wa kawaida kabisa, na ninalisema hilo mapema ili mtu asidhani nimekuja kumpamba. Alilima mpunga bondeni na mikorosho mlimani, aliswali swala zake, alikoroma, na alikuwa mbishi. Ukimwambia mvua inakuja, atatazama juu, ataliona wingu limetanda, na bado atakwambia leo hainyeshi. Ubishi huo ndio uliomletea mbwa.

Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa mlima, kusini ya Mtwara, na chini yake kulikuwa na bonde la Ruvuma. Njia ya kushukia bondeni ilikuwa moja, nyembamba, matete huku na matete huku, watu wanafuatana mmoja mmoja. Mwisho wa njia ni mashamba yetu ya mpunga, mwisho wa mashamba ni mto, na ng'ambo ya mto kulikuwa na vita vya Mreno. Usiku tulisikia ngurumo zisizo na mvua. Asubuhi tulichukua majembe tukashuka, kwa sababu mpunga haungoji vita viishe.

Msimu mmoja nguruwe pori waliingia shambani kwa Thabiti wakamwachia mabua. Alikaa siku nzima juu ya dungu lake la kulindia shamba anatazama hasara, kisha akapanda mlimani kwa Elia, mwindaji mmoja Mkristo aliyekuwa na mbwa wengi, akarudi na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu. Basi maneno yakaanza. Mwislamu na mbwa wapi na wapi. Mwalimu Abdulrahmani, aliyekuwa akituswalisha, ndiye peke yake aliyejibu kwa utulivu: mbwa wa kulinda shamba hana ubaya, ila asiingie ndani, na akikulamba ujue la kufanya. Wengine waliendelea kusema.

Kwetu mbwa hapewi jina la mapambo. Jina la mbwa ni maneno unayotaka jirani ayasikie bila wewe kugombana naye. Palikuwa na mbwa mlimani anaitwa Yana Mwisho, na mwingine anaitwa Chuki Bure, na kila jina lilikuwa na mwenyewe limpataye. Thabiti akamwita wake Mtasema. Jioni ikiingia unamsikia uwanjani kwake, sauti juu, "Mtasema! Mtasema!", na majirani wote wanajitia kupuliza moto.

Yule mbwa alikua mrefu, mwekundu kama udongo wa mlimani, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mimi sikumpenda. Mbwa si kitu cha kupendwa na mwanamke anayefua. Lakini macho ninayo, na niliona. Thabiti akiswali, Mtasema alilala mbali, chini ya mpapai wa uwanjani kwa kaka yangu, anatazama mlango wa msikiti ulio jirani mpaka swala iishe. Siku moja alikwenda akabeba kiatu kimoja cha Thabiti mdomoni, pengine alitaka kumhimiza, na kaka yangu akarudi nyumbani na kiatu kimoja mguuni, watu wanacheka, naye anacheka kuliko wao.

Mlangoni kwake aliweka mkebe wa maziwa ya unga, umejaa udongo safi. Mbwa akimlamba, Thabiti anaosha mkono mara saba, mara moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Mkewe Mwanaamina alilalamika kila siku. Alisema mkono mmoja unamaliza nusu ndoo, na ndoo haijijazi yenyewe kisimani. Thabiti alimjibu kwamba mbwa hana lugha nyingine ya kusalimia. Siku ya pili mkono ulilambwa tena.

Njiani mpangilio ulikuwa huo huo kila asubuhi, na hakuna aliyeupanga. Mbwa mbele, nyuma yake Thabiti, nyuma ya Thabiti sisi wengine na vikapu vyetu. Mtasema alitembea upande wa kushoto wa njia, mkia juu. Akisimama, tunasimama. Alituonyesha nyoka zaidi ya mmoja, na hatukumshukuru kwa hata mmoja.

Mwaka wa sabini na mbili mpunga ulipoanza kushika punje, habari zilifika kwamba ng'ambo kuna mabomu yanafukiwa njiani, mtu akikanyaga amekwisha. Kisha tukasikia kwamba yamevuka mto. Nani aliyeyavusha, hakuna aliyejua. Watu walisema wanaona nyayo za viatu kwenye matope ya mtoni, na huku kwetu wenye viatu vya namna ile walikuwa hawapo.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Nilikuwa wa nne au wa tano katika msafara. Nilichokiona ni udongo kupanda juu, na matete kulala chini yote kwa pamoja, na masikio yangu kuziba. Niliponyanyua kichwa, Thabiti alikuwa amekaa katikati ya njia, kofia imemtoka, damu kidogo inamchuruzika kisigino. Alikuwa mzima. Sote tulikuwa wazima. Mbele yake palikuwa na shimo.

Alivua shuka lake la begani, akaenda akaokota alichoweza kuokota. Tulimpigia kelele arudi, huenda kuna jingine, hakutusikia au hakutaka. Alimzika shambani kwake, pembeni ya dungu. Hakuniambia nimsaidie, na mimi sikuondoka mpaka alipomaliza.

Ijumaa yake tulisoma dua ya shukrani. Balozi wetu wa nyumba kumi, Fikirini, ndiye aliyeisimamia. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, anayependa mambo yawe na utaratibu. Mbuzi alichinjwa, wali ukapikwa, Mungu akashukuriwa kwa kutuokoa na balaa. Fikirini akataja majina ya waliookoka, mmoja mmoja, watu wakaitikia amina. Asiyekuwapo na lake halipo. Thabiti alikaa karibu na mlango, wali wake mbele yake haujaguswa, na majina yalipokwisha akauliza:

"Na aliyetangulia?"

Watu wakatazama sinia zao. Fikirini akajikohoza, akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Thabiti, ndugu yangu. Mbwa ni mbwa."

Kaka yangu akainuka, akaosha mkono, akaondoka.

Wanajeshi walikuja na vyuma vyao virefu, wakachoma ardhi ya njia yote toka juu mpaka mashambani. Walisema ni safi. Mkubwa wao akaongeza kwamba safi ya leo si safi ya kesho, wao ni wachache, na mto ni mrefu. Wakaenda zao. Sisi tukabaki na ile njia, na chini mpunga unapiga manjano, na nguruwe hawajui habari za vita.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Asubuhi ya kwanza hakuna aliyetoka. Ya pili vilevile. Siku iliyofuata Thabiti alichukua panga lake na kikapu, akapita katikati ya kijiji peke yake, akashuka. Alitembea upande wa kushoto wa njia. Alipoonekana shambani, akiwa mdogo kama kunguru kule chini, watu wakachukua vikapu vyao wakamfuata.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mazuri. Msiba usiokuwa na mkeka ni msiba mgumu. Akifa mtu, tunatandika, watu wanakuja, wanakaa nawe, wanasema pole mpaka pole yenyewe inachoka. Thabiti hakuambiwa pole na mtu. Angeambiwa na nani, na kwa ajili ya mbwa? Akaacha nywele na ndevu, kama afanyavyo mfiwa. Chakula chake akakila nusu. Jioni alikaa barazani, akimega tonge la ugali anasema kwa sauti ya chini, "Mtasema, leo kwenye kunde wameingia tumbili," au "Mtasema, leo viboko wamepanda mpaka shambani kwa Athumani," kisha analitupa lile tonge chini ya mpapai, palepale mbwa alipokuwa akilala. Kuku walilila.

Lakini lililomtisha Mwanaamina lilikuwa la mkebe. Alikuja kwangu uso umemshuka, akanieleza kwamba Thabiti akirudi shamba anachota maji, anakaa mlangoni, anaosha mkono mara saba, na mara moja anausugua kwa udongo. Mkono haujalambwa na kitu. Mwanaamina alitaka kuutupa ule mkebe jalalani, Thabiti akamshika kiganja, wala si kwa nguvu, akamwambia auache. Mwanamke yule alikuwa akilalamika miaka yote kwa ajili ya maji, na sasa alikuwa akiyateka bila neno.

Arobaini ilipofika, Thabiti alikuja kwangu jioni na wembe ndani ya karatasi. Kwetu mfiwa hujikalia na nywele zake mpaka matanga yaishe, ndipo ndugu wa damu anapomnyoa. Nilijua anataka nini kabla hajafungua mdomo, na nilikasirika, maana hasira kwangu hutangulia huruma.

"Nikunyoe kwa ajili ya mbwa?" nilimwuliza.

"Ninyoe kwa ajili yangu, dada," alisema. "Peke yangu nimejaribu, nimeshindwa."

Nikamnyoa. Nilimmwagia maji kichwani, nikapitisha wembe taratibu. Alilia bila sauti, machozi yanachanganyika na maji, na mimi nikajifanya naona maji tu. Nilipomaliza nikamwambia kwamba matanga yakiondolewa, jina la marehemu hupata mtu wa kulirithi. Kama amefuata desturi mpaka hapa, basi aimalize, atafute mbwa mwingine ampe jina. Kwetu jina likikosa mrithi, aliyekufa hatulii, na aliyebaki hatulii pia. Thabiti alitikisa kichwa. Alisema jina amelizika bondeni pamoja na mwenyewe, na hataki kupenda kitu kingine kinachotembea mbele yake.

Nilidhani baada ya kunyolewa atapoa. Wapi. Aliendelea kutangulia.

Asubuhi moja niliamka mapema kuliko kawaida kwa sababu ya jino. Nilisimama mlangoni kwangu nimeshika shavu, na kulikuwa kunapambazuka. Nikaona kitu ambacho bado kikinijia kinanitia baridi. Kila baraza ilikuwa na watu. Fikirini amekaa, kikapu magotini, panga pembeni. Jirani yangu Mariamu na mumewe wamekaa, mzigo umefungwa tayari. Athumani amesimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Hakuna moto uliowashwa. Wote walikuwa wanatazama upande mmoja, nyumba ya kaka yangu.

Mlango wa Thabiti ukalia. Akatoka, akapita katikati yetu, anatazama mbele, wala hakuangalia pembeni. Watu wakamsalimia kwa adabu kubwa. Akashuka. Walingoja. Mariamu aliufungua mzigo wake akaufunga upya, na ulikuwa umefungwa vizuri. Walingoja mpaka kikohozi chake kikasikika chini ya bonde, ndipo wakainuka, mmoja baada ya mwingine, wakaingia njiani wakikanyaga pale alipokanyaga.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilishika njia nikamsimamia Fikirini mbele, na jino langu, na kanga yangu ya kulalia, nikamwuliza kama haoni haya kumfanya mtoto wa mama yangu mbwa.

Alinitazama kwa huzuni. "Salma," alisema, "mbona hatukumtuma?"

Hakuna aliyemtuma, ni kweli. Nilimweleza Mwanaamina, naye akaniambia anajua, alijua tangu siku ya kwanza. Alisema amemsihi mumewe, amemlilia, amemfichia panga. Na Thabiti anamjibu kwamba yule alitangulia miaka yote na hakuna aliyemwambia ahsante, basi acheni na yeye atangulie kidogo. Mwanaamina alikuwa ameacha kulala. Kila asubuhi alimfuata mumewe kwa nyuma kabisa, anasikiliza. Nami nikaanza kusikiliza. Ukimpenda mtu wa namna hiyo, masikio yako hayawi yako tena.

Habari zilimfikia Elia kule mlimani. Akaja bila kuitwa, na kamba mkononi, na mwisho wa kamba mbwa mchanga mweusi mwenye miguu mikubwa kuliko mwili. Thabiti alimpokea mgeni wake, akamkaribisha maji, akakataa mbwa. Elia alikunywa maji, akaaga, na kumbe amemfunga mbwa kwenye mpapai. Tukamwona ameshafika mbali, anapanda mlima haraka kama mtu aliyeiba.

Kaka yangu hakumfukuza yule mbwa. Wala hakumpa jina. Alimwita "wewe", au "hicho". Hakumgusa. Mwanaamina, yule yule wa ndoo na kisima, ndiye aliyemtilia makombo. Na jioni Thabiti aliendelea na mazungumzo yake ya barazani kama kawaida. "Mtasema, leo mpunga wa Athumani umelala." Tonge linaruka chini ya mpapai. Sasa kuku hawakulipata, maana mweusi alikuwa amefungwa palepale, na alikuwa mwepesi.

Fikirini hakukawia. Alikuja na watu wawili, akakaa, akauliza hali, akasifu korosho, akauliza tena hali. Mwisho akalitoa. Kijiji kinaona vyema yule mbwa mpya afunguliwe, ashuke na watu asubuhi, azoee njia. Alisema ni kwa faida ya Thabiti mwenyewe.

"Huyu hatangulii," Thabiti alisema.

Fikirini akamwambia, "Kwani bora wewe?"

"Huyu hatangulii," alirudia kaka yangu, akainuka kukaza kamba.

Mavuno yalianza. Kulikuwa na siku chache za utulivu, na utulivu ule haukunipendeza. Ngurumo za ng'ambo zilinyamaza. Jioni moja ndege ilipita juu ya mto, ikazunguka, ikarudi kwao bila kufanya kitu. Usiku ule mbwa wa mlimani walibweka mpaka alfajiri, na mweusi wa Thabiti akawaitikia. Asubuhi Athumani alisema aliona mwanga bondeni, mdogo, chini chini, ukienda ukisimama. Wengine wakasema ni wavuvi wa kambare. Hakuna aliyesema leo tusishuke. Mpunga ulikuwa umekauka, siku moja zaidi unapukutika.

Ukungu ulikuwa kama wa siku ile. Thabiti alipita, akasalimiwa kwa adabu, akashuka. Mimi na Mwanaamina safari hii hatukungoja, tulimfuata karibu, na kwa kuwa sisi tulikwenda, wengine nao wakaona aibu wakainuka. Basi tulikuwa msafara mzima kwenye matete, Thabiti mbele yetu kwa hatua chache, tunamwona mgongo na kofia.

Kitu kikanipita miguuni. Kilimpita Mwanaamina, kikampita Thabiti upande wa kushoto, kipande cha kamba kinaburuzika nyuma yake. Mweusi alikuwa ameitafuna kamba. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyetoroka chuo cha Kurani, masikio nyuma, anaruka, anakwenda mbele kuelekea ile kona ambapo njia inabanwa na matete pande zote.

"We!" Thabiti aliita. "We, rudi!"

Mbwa hakugeuka. Kwa nini ageuke? Hakuwa na jina. Thabiti akapiga mluzi, akapiga makofi, akasema njoo, akasema shika, maneno yote anayoambiwa mbwa. Mweusi alizidi kwenda. Nikaona mgongo wa kaka yangu unainama mbele, nikajua anataka kukimbia, amkimbilie, ampite, na kona ile palepale. Mwanaamina naye akajua. Akamlilia mumewe kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mwanadamu, "Baba Ismaili, mwache! Mwache huyo!"

Thabiti hakukimbia. Alisimama, akajaza kifua, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya zamani, ya uwanjani, ya jioni, majirani wakipuliza moto.

"Mtasema!"

Mbwa akasimama.

Akageuza kichwa. Alitutazama wote, kisha akamtazama yeye, kama anauliza tonge liko wapi. Ndipo nilipofahamu, na nadhani Thabiti alifahamu wakati uleule. Kila jioni jina lile lilipotajwa, chakula kilianguka mbele ya mweusi. Kaka yangu alikuwa akizungumza na aliyekufa, na aliye hai alikuwa akiitika. Yule mbwa alikuwa na jina siku zote. Mwenye kulitoa ndiye aliyekuwa hajui.

"Mtasema," Thabiti aliita tena, polepole. "Njoo baba. Njoo."

Akaja. Alirudi palepale alipopita, mkia unampiga mbavu, na Thabiti akapiga magoti njiani akamkumbatia kwa mikono miwili. Mbwa akamlamba uso, akamlamba mikono, akamlamba kofia. Kaka yangu alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, vile ambavyo hakuruhusiwa kulia siku ile ya shimo, na sisi tumesimama mmoja nyuma ya mwingine na vikapu vyetu, hatuwezi kumpita wala kumkwepa. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekwenda mbele pia. Fikirini ndiye aliyesema turudi, na turudi tukikanyaga tulipokanyaga.

Wanajeshi walioitwa walifika baada ya adhuhuri. Walichoma ardhi kwa vyuma vyao mpaka kwenye ile kona, wakasimama, wakatufanyia ishara tulale chini. Walitoa bomu moja kwenye kona yenyewe, upande wa kushoto, na jingine mbele yake kidogo. Mkubwa wao alituuliza ni nani aliyeligundua. Tukamtazama Thabiti.

Jioni ile Mwanaamina alitandika mkeka barazani. Hakumwuliza mumewe. Wa kwanza kuja alikuwa Mwalimu Abdulrahmani, akakaa, akasema pole kwa msiba. Akaja Mariamu na mumewe. Akaja Athumani. Walikuja wote, wengine wakitazama chini, na kila mmoja alisema pole, na Thabiti aliipokea moja moja kama mtu anayepokea vitu alivyokopesha zamani akakata tamaa. Mtasema mweusi alikuwa chini ya mpapai, bila kamba.

Fikirini alikuja mwisho. Alisema pole, akabaki amesimama.

"Ahsante," Thabiti alisema. "Pole nimepokea. Kesho nani anatangulia?"

Mpunga ulikuwa bado bondeni, mto ulikuwa palepale, na usiku mwingine ulikuwa unaingia. Nilimwangalia Fikirini, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma, maana jasho lilikuwa linamtoka na upepo ulikuwa wa baridi.

"Mimi," alisema.

"Na keshokutwa?"

Athumani akainua mkono. Baada yake akainua mume wa Mariamu, na Mariamu mwenyewe akainua, na wengine.

Asubuhi Fikirini alipita katikati ya kijiji na panga lake, anatembea kama mtu anayekanyaga makaa. Thabiti alimfuata nyuma yake karibu, na sisi nyuma ya Thabiti, na mbwa nyuma kabisa, amefungwa kamba mkononi mwangu. Mwanaamina hakuja nasi siku hiyo. Nilipogeuka nilimwona ameinama pembeni ya nyumba na jembe dogo, anachimba udongo safi, anaujaza mkebe.